Dirisha la Sita

Wenzake wamekwenda Washington, mmoja yuko Geneva,
wanatuma picha: suti, ngazi za marumaru, kahawa ya barafu.
Ilka Szabados amebaki Toledo
na muhuri wa mpira, kidau cha wino wa buluu
na kiti chenye gurudumu moja bovu,
mahakama ya nyumba, ghorofa ya tatu, dirisha la sita.

Mshauri wa chuo alimwonya: likizo hii ndiyo ya mwisho,
ukiichezea, Septemba utaomba sheria mikono mitupu.

Kwa hiyo asubuhi, ndani ya basi, kitabu cha mtihani magotini:
ikiwa kila A ni B, na baadhi ya B si C,
lipi kati ya haya lazima liwe kweli?
Anazungushia duara. Anafuta.
Nje wafagiaji wanazoa kwa koleo
wadudu wa ziwani, waliotoka majini jana magharibi
wakafia chini ya taa kabla hakujapambazuka.
Malundo yananuka samaki, yanalia kacha chini ya viatu.
Wale huishi siku moja,
na hakuna anayewauliza wameitumiaje.

Saa tatu foleni imeshafika kwenye lifti.
Mzee mwenye kofia ya kiwanda cha vioo kilichofungwa
anataka kujua siku tatu zinahesabiwa kuanzia lini.
Mwanamke mwenye mapacha anauliza
kama jokofu hutolewa nje na maziwa yakiwa ndani.
Juu ya kichwa cha Ilka kuna bango:
HAPA HATUTOI USHAURI WA KISHERIA.
Basi husema yale yanayoruhusiwa:
Chumba cha nne. Saa nne na nusu. Uje na risiti.
Kisha huongeza: usichelewe.
Hilo si ushauri, hujiambia. Hiyo ni adabu tu.

Jumanne moja ya Julai, faili la kumi na tisa.
Mdai: Szabados, Tibor.
Mdaiwa: Renfro, Yolanda. Kodi ya miezi miwili.
Aliijua ile saba yenye mkanda kiunoni
kabla hajalisoma jina;
saba hiyo ilitia sahihi ripoti zake zote za shule.
Nyumba yenyewe anaijua. Mlango wa nyuma wa kijani
aliupaka yeye, ana miaka kumi na minne,
kwa dola kumi na soda.

Kanuni ya ofisi: lenye damu yako usiliguse.
Akampelekea Bi Merle, dirisha la tano.
Bi Merle hakuinua macho. Akagonga.
Mlio ulikuwa uleule.

Jioni baba anachoma pilipili hoho uani,
anazungumzia paa, benki, bei ya mabati.
Benki nayo, anasema, ina dirisha lake.
“Haya, mwanasheria, leo umejifunza nini?”
Ilka anamenya ganda jeusi, vidole vinaungua.
“Saba zako,” anasema, “zinasomeka vizuri.”
Baba anacheka. Halafu hacheki.

Wiki mbili baadaye Yolanda Renfro alifika dirishani
saa nne na dakika arobaini, sare ya hospitali mwilini,
akihema. Basi lilikuwa limekwama darajani.
Chumba cha nne kilikuwa kimeshamaliza jina lake.
Kalisoma jina kifuani mwa Ilka, polepole,
herufi kwa herufi, kama mtu anayehesabu chenji.
Hakusema kitu.
Ilka akatazama bango. Akatazama mlango wa lifti.
Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la tano:
“Ghorofa ya kwanza kuna mawakili wa bure.
Wanafunga saa sita.
Kimbia.”

Usiku, kompyuta wazi, swali la maombi:
Kwa nini unataka kusoma sheria? Maneno mia tano.
Aliandika: Tangu utotoni nimependa haki.
Akafuta.
Mdudu mmoja wa ziwani, aliyechelewa msimu,
akatua juu ya mwanga wa ukurasa mtupu,
mabawa yamesimama kama karatasi iliyokunjwa.
Hakumfukuza. Akaandika kumzunguka:

Mlango wa kijani niliupaka mimi.
Sikuuliza ni wa nani.